Kapiteni William Stairs, afisa wa Uingereza aliyeitia Katanga mikononi mwa Leopold II

Kila tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili, Bayeke hukusanyika Bunkeya, kaskazini ya mji wa Likasi, kumkumbuka mwami Msiri aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Jina la Msiri linajulikana na kila mtoto wa shule katika Katanga. Jina la mtu aliyeongoza msafara uliomuua linajulikana na wachache. Wengi husema tu kwamba Wabelgiji walimuua Msiri, na hapo habari inakwisha.

Ukweli ni mrefu kuliko hapo. Aliyefyatua risasi alikuwa Mbelgiji, lakini mkubwa wa msafara hakuwa Mbelgiji. Alikuwa Kapiteni William Grant Stairs, mzaliwa wa Kanada na afisa wa jeshi la Uingereza. Alikuja Katanga kwa ruhusa, kama mtu aliyeacha kazi yake kwa muda ili afanye kazi ya tajiri mwingine. Ndiyo sababu anayetafuta habari zake katika vitabu vya jeshi la Uingereza hukuta mengi juu ya vyeo na vikosi, lakini vita vya Bunkeya havimo kati ya vita vya jeshi hilo.

Mtoto wa Halifax

Stairs alizaliwa tarehe 1 Julai 1863 katika mji wa Halifax, jimbo la Nova Scotia, pwani ya mashariki ya Kanada. Jamaa yake ilikuwa ya wafanyabiashara wenye mali. Wakati huo Kanada ilikuwa bado chini ya taji la Uingereza, na kijana wa jamaa kama hiyo alijihesabu kuwa Mwingereza hata kama alizaliwa ng'ambo ya bahari.

Alisoma kwanza Halifax, kisha akatumwa Edinburgh, Scotland, katika shule ya Merchiston Castle. Aliporudi Kanada aliingia Chuo cha Kijeshi cha Kifalme katika mji wa Kingston, jimbo la Ontario. Chuo hicho kilikuwa kipya, na kila mwanafunzi alipewa namba ya kuingia kwake. Namba ya Stairs ilikuwa 52, na mpaka leo hutajwa pamoja na jina lake.

Alihitimu mwaka 1882 akiwa amejifunza kazi ya uhandisi. Hakuingia jeshini mara moja. Alikwenda New Zealand, akafanya kazi ya kupima ardhi kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kazi ile ilimfundisha kutembea mwituni, kusoma milima na mito, na kuchora ramani. Ni ujuzi ambao baadaye ulimfanya atafutwe na wale waliotaka kugawanya Afrika.

Luteni wa wahandisi

Mwaka 1885 Stairs alikubali kazi ya uafisa katika kikosi cha Wahandisi wa Kifalme wa Uingereza, akapelekwa Chatham, karibu na London, mahali kikosi hicho kilipofundisha maafisa wake. Aliingia na cheo cha luteni.

Kikosi hicho kilikuwa cha watu wa elimu. Walijenga madaraja, ngome na barabara, walipima nchi na kuchora ramani. Sare yao ya sherehe ilikuwa koti jekundu lenye kola na ncha za mikono za rangi ya bluu iliyoiva. Cheo kilisomwa mabegani, na hapo ndipo wengi wanaotazama picha za zamani hukosea. Leo kapiteni wa Uingereza huvaa nyota tatu. Lakini kati ya 1880 na 1902 kapiteni alivaa nyota mbili tu, na luteni alivaa nyota moja. Anayehesabu nyota kwa kanuni ya leo atamshusha cheo afisa wa wakati ule bila kujua.

Stairs hakukaa sana Chatham. Mwanzoni mwa 1887 alisikia kwamba Henry Morton Stanley anatafuta maafisa wa kwenda naye Afrika kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ekwatoria, kusini ya Sudan, aliyekatwa njia na vita vya Mahdi. Stairs aliomba, akakubaliwa. Wakubwa wa jeshi walimpa ruhusa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kwenda Afrika akiwa bado afisa wa Uingereza, huku akitii amri za mtu asiye wa jeshi hilo.

Mshale wa Ituri

Msafara wa Stanley uliondoka Zanzibar mwezi wa pili 1887 kwa meli. Badala ya kupita Bagamoyo na Tabora, meli ilizunguka Afrika ya kusini hadi mdomo wa mto Kongo. Ndani yake walikuwamo watu wa Zanzibar zaidi ya mia sita, na Tippu Tip mwenyewe, ambaye Stanley alikuwa amempatia ugavana wa Maporomoko ya Stanley, ndiyo Kisangani ya leo.

Mwisho wa mwezi wa sita, kundi la mbele liliondoka Yambuya na kuingia msitu wa Ituri. Stairs alianza safari akiwa na homa kali, akibebwa kwa machela. Tarehe 13 Agosti, mahali palipoitwa Avisibba, mshale wenye sumu ulimchoma kifuani upande wa kushoto, chini kidogo ya moyo. Daktari wa msafara, Thomas Parke, alifyonza jeraha kwa kinywa chake. Wenzake kadhaa waliojeruhiwa siku ile walikufa baada ya siku chache. Stairs alipona, lakini kipande cha ncha kilibaki mwilini mwake kwa zaidi ya mwaka.

Daftari lake la safari hiyo limehifadhiwa Halifax, na ndani yake kuna habari ambazo sare na nishani hazionyeshi. Mwaka ule wa 1887 aliandika jinsi alivyojificha msituni na askari wake, wakitazama kijiji. Wanawake walikuwa wakitwanga ndizi kavu, wanaume wakijenga nyumba, watoto wakikimbia na kuimba. Stairs ndiye aliyepiga risasi ya kwanza, akamwangusha mtu mmoja kwa kumpiga kifuani, kisha askari wote wakamimina risasi kijijini. Aliyaandika bila haya, kama mwindaji anayesimulia mawindo. Ni watu wa Ituri waliopigwa vile, na majina yao hayakuandikwa popote.

Katikati ya msitu msafara ulijenga ngome iliyoitwa Fort Bodo. Stairs alisimamia ngome hiyo kwa miezi mingi mwaka 1888 Stanley aliporudi nyuma kutafuta kundi lake la pili. Alilimisha mashamba ya mahindi na kulinda wagonjwa. Mwezi wa sita 1889, walipokuwa njiani kutoka, alipanda mlima Ruwenzori hadi zaidi ya metre 3,200 kabla baridi na mabonde kumrudisha. Tarehe 4 Desemba 1889 msafara ulifika Bagamoyo.

Wale maafisa walipokewa Ulaya kama mashujaa. Wapagazi wa Zanzibar waliobaki hai walipewa nyota ya fedha iliyotengenezwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Waliokufa njiani walikuwa wengi kuliko waliopokea nyota hiyo.

Katanga kati ya matajiri wawili

Wakati Stairs akipumzika Ulaya, Katanga ilikuwa ikitazamwa na macho mengi. Msiri, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ngelengwa, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Usumbwa, upande wa Unyamwezi. Alikuja kufuata shaba, akaoa, akapigana, akajenga ufalme wa Garanganze wenye mji mkuu Bunkeya. Shaba iliyoyeyushwa na Basanga na majirani zao, katika nchi ambamo leo wamo Likasi na Kambove, ilitoka kwa umbo la misalaba na kwenda mbali, upande wa Angola na upande wa bahari ya Hindi. Pamoja na shaba zilitoka pembe, chumvi na watumwa. Msiri alitawala kwa mkono mzito, na mwaka 1891 Basanga walikuwa tayari wamemwasi.

Upande mmoja alikuwako Cecil Rhodes na kampuni yake ya Kiingereza, iliyokuwa ikipanda kutoka kusini. Mwezi wa kumi na moja 1890 mjumbe wa Waingereza, Alfred Sharpe, alifika Bunkeya na karatasi ya mkataba. Msiri alikataa kuitia alama. Upande mwingine alikuwako Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliyeshika Dola Huru la Kongo kama mali yake mwenyewe. Katika ramani Katanga ilikuwa yake. Katika nchi yenyewe hapakuwa na bendera yake. Mwaka 1891 Paul Le Marinel alifika Bunkeya, akaacha kituo kidogo Lofoi. Alexandre Delcommune akafuata. Msiri aliwapokea wote, lakini bendera aliikataa.

Tarehe 15 Aprili 1891 Kampuni ya Katanga ilianzishwa Brussels. Leopold aliipa theluthi moja ya ardhi ya serikali katika nchi ile, kwa sharti kwamba iikalie kwa kweli. Ilihitaji mtu wa kufika upesi, kabla ya Rhodes kutuma wengine. Mtu huyo alipaswa kujua misafara ya Waswahili, kujua kupima ardhi, kuvumilia homa na kutoogopa kupiga risasi. Wakamchagua Stairs.

Sare mbili na bendera ya tatu

Katika mwaka huo huo wa 1891, Stairs alikuwa amehama kutoka Wahandisi wa Kifalme na kuwa kapiteni katika kikosi cha Wales. Kikosi hicho kiliundwa 1881 kwa kuunganisha vikosi viwili vya zamani, cha 41 na cha 69, na makao yake yalikuwa Cardiff. Koti lake lilikuwa jekundu pia, lakini kola na ncha za mikono zilikuwa nyeupe. Kwa hiyo picha ya Stairs yenye alama za wahandisi ni ya kati ya 1885 na 1891, na yenye alama za Wales haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Lakini wakaaji wa Bunkeya hawakuvamiwa na kikosi cha Wahandisi wala kikosi cha Wales. Stairs hakuja na askari hata mmoja wa malkia Victoria. Alikuja na wapagazi na askari wa kukodi kutoka pwani, na bendera iliyokuwa katika mizigo yake ilikuwa ya bluu yenye nyota ya manjano, bendera ya Leopold. Jeshi la Uingereza lilimpa cheo na ruhusa. Kampuni ya Brussels ilimpa mshahara na amri. Ikitokea sifa, kila upande ungeweza kuichukua. Ikitokea damu, kila upande ungeweza kusema si yetu.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi. Nchi ya Stairs, yaani Uingereza, ilikuwa na watu wake waliotaka Katanga hiyo hiyo. Afisa wa malkia alikubali kwenda kumzuia Mwingereza mwenzake kwa faida ya mfalme wa nchi nyingine.

Kutoka Bagamoyo hadi Bunkeya

Msafara ulianza kutoka Bagamoyo mwanzoni mwa mwezi wa saba 1891. Wazungu walikuwa watano: Stairs mwenyewe, Kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, Marquis Christian de Bonchamps, Mfaransa, daktari Joseph Moloney, na Thomas Robinson, seremala Mwingereza. Watu wa pwani na wa Unyamwezi walikaribia 400, na bunduki ziligawiwa kwa nusu yao hivi. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Amri iliyotolewa na Mkanada, iliyolipwa na Mbelgiji, ilifika masikioni mwa mpagazi kwa lugha ambayo leo Likasi huisema sokoni na nyumbani.

Walipita Tabora, wakafika Karema kwenye ziwa Tanganyika mwezi wa kumi, wakavuka hadi upande wa Mpala, walikokuwako Mapadri Weupe. Nchi waliyoingia ilikuwa imeonja mambo kama hayo tayari. Mwaka 1884 Luteni Mbelgiji Émile Storms, aliyekaa Mpala, alituma watu kumpiga mtawala Lusinga. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako limehifadhiwa hadi nyakati zetu katika Taasisi ya Sayansi ya Asili ya Brussels.

Njiani Stairs alikutana na wajumbe waliobeba barua ya Msiri kwenda kwa Sharpe. Mwami, akiwa amebanwa na uasi wa Basanga na kukosa baruti, alikuwa amebadili mawazo na alitaka Mwingereza yule arudi. Barua iliandikwa kwa msaada wa wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wakiishi katika nchi yake. Stairs aliizuia. Hivyo Msiri alibaki akingoja msaada wa Waingereza, na Mwingereza aliyefika ni yule aliyezuia barua yake.

Siku sita za Bunkeya

Msafara uliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mazungumzo yalianza siku tatu baadaye. Msiri alitaka baruti na heshima ya mwenye nchi. Stairs alitaka jambo moja: bendera ya Leopold ipandishwe. Msiri alivuta wakati, kama alivyofanya na Sharpe, Le Marinel na Delcommune. Lakini wale waliomtangulia walikuja kwa maneno. Stairs alikuja na bunduki 200 na hofu kwamba njaa itaumaliza msafara wake kabla ya mkataba.

Tarehe 19 Stairs aliipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa ya mwami. Usiku Msiri aliondoka mjini akaenda kijiji cha Munema. Asubuhi ya tarehe 20 Stairs alimtuma Bodson na de Bonchamps pamoja na askari zaidi ya mia moja wamlete. Yeye mwenyewe alibaki kambini.

De Bonchamps alingoja nje, Bodson akaingia na watu wachache. Alimkuta Msiri amekaa mbele ya nyumba yake, amezungukwa na watu wenye bunduki. Kadiri watu wa msafara walivyosimulia, Msiri alishika upanga, ule aliopewa na Stairs kama zawadi, na Bodson akampiga risasi kwa bastola. Mmoja wa watu wa Msiri, jina lake Masuka, akampiga Bodson tumboni. Masuka naye akauawa. Risasi zikaenea kijijini. Bodson alikufa siku hiyo hiyo.

De Bonchamps aliandika baadaye kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kuwekwa juu ya mti ili watu wote waone kwamba mwami amekufa. Wazee wa Bayeke wamesimulia kizazi kwa kizazi kwamba mwili ulizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa kilichukuliwa na wazungu. Swali la mahali kilipo halijawahi kufungwa, na kila mwaka linarudi pamoja na sherehe ya Desemba.

Stairs alimtambua Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri, kuwa mrithi, kwa sharti akubali bendera. Nchi yake ilipunguzwa, na watawala wengine waliokuwa chini ya Bayeke wakafanya mikataba yao peke yao. Katika muda wa siku chache Stairs alikuwa amekusanya karatasi ambazo Brussels ilizitaka.

Njaa na kifo cha Chinde

Ushindi huo haukumpa Stairs hata wiki moja ya furaha. Wakaaji walikimbia Bunkeya, mashamba yakabaki bila watu, na chakula kikakosekana. Mwezi wa kwanza 1892 wapagazi walikufa kwa njaa na kuhara damu. Stairs alishikwa na malaria hata akapoteza fahamu, de Bonchamps naye akaugua, na kwa siku nyingi daktari Moloney ndiye aliyeshika uongozi wa ngome waliyoijenga.

Tarehe 30 Januari msafara mwingine wa Wabelgiji ulifika, ukiongozwa na Kapiteni Lucien Bia, pamoja naye Émile Francqui na mwanajiolojia Jules Cornet. Stairs aliwaachia nchi. Mwanzoni mwa mwezi wa pili watu wake waliondoka, yeye akibebwa, wakaelekea ziwa Nyasa, kisha wakateremka kwa mto Shire na mto Zambezi kuelekea bahari.

Alifika mdomo wa Zambezi, mahali panapoitwa Chinde katika Msumbiji ya leo. Hapo malaria ilimrudia kwa mara ya mwisho. Alikufa tarehe 9 Juni 1892, akiwa na miaka 28, na siku chache tu zilibaki afikishe 29. Alizikwa hapo hapo. Katika wale watu karibu 400 waliotoka pwani pamoja naye, waliorudi Zanzibar walikuwa chini ya 200.

Karatasi zinasema nini

Maisha ya Stairs yameachwa katika karatasi za nchi nyingi. Gazeti la serikali la London lilitangaza vyeo vya maafisa, na orodha za jeshi za kila mwezi zilionyesha kikosi cha kila mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, inashika vitabu vya utumishi vya maafisa wa karne ile. Kitabu cha namna hiyo huandika tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kila cheo, vikosi, mahali pa kazi na vita alivyopigana afisa. Kwa Stairs ni utumishi mfupi: miaka saba hivi, vikosi viwili, vyeo viwili.

Chuo chake cha Kingston kina bamba la kumkumbuka pamoja na wenzake wawili wa chuo hicho waliokufa Afrika katika miaka ile ile. Huko Kanada kuna kisiwa chenye jina lake. Daktari Moloney alitoa kitabu juu ya msafara wa Katanga mwaka 1893. Daftari la Stairs la safari ya Katanga lilichapishwa kwa Kifaransa katika gazeti la Ubelgiji mwaka huo huo, na nakala ya Kiingereza aliyoiandika kwa mkono wake ilipotea. Kwa hiyo hata maneno yake juu ya Bunkeya yamepita kwanza mikononi mwa waliomlipa.

Upande wa Katanga hapakuwa na kitabu cha utumishi. Habari zilishikwa na wazee, na nyimbo, na jina la Msiri linalorithiwa na wamwami wa Bunkeya. Mtu anayetaka kumjua Stairs anahitaji pande zote mbili. Akisoma karatasi za Uingereza peke yake atamkuta kijana hodari aliyekufa mapema. Akisikiliza Bunkeya peke yake atamkuta mzungu asiye na jina katika kundi la Wabelgiji.

Wengine katika Likasi huchanganya habari hizi na zile za mwezi wa tisa 1961, wakati mji ulipoitwa bado Jadotville. Wale askari waliosema Kiingereza na kuzungukwa na jeshi la Katanga kwa siku tano walikuwa wa Ireland, chini ya Umoja wa Mataifa. Hawakuwa Waingereza, na hawana uhusiano na msafara wa 1891.

Kilichobaki

Mwaka 1894 Uingereza na Leopold walikubaliana juu ya mipaka, na Katanga ikabaki upande wa Kongo. Jules Cornet, aliyefika Bunkeya siku zile za njaa, alipima mawe ya nchi na kuwaonyesha Wabelgiji utajiri wake. Mwaka 1906 Union Minière ilianzishwa. Mahali ambapo Basanga waliyeyusha shaba kwa moto wa makaa, viwanda vikajengwa, reli ikafika, na mji ukakua, ukaitwa Jadotville kwa jina la mkubwa mmoja wa Ubelgiji, Jean Jadot. Mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi.

Kama Stairs angechelewa miezi michache, au kama barua ya Msiri ingemfikia Sharpe, huenda mfanyakazi wa Shituru au wa Panda leo angekuwa raia wa Zambia, akihesabu kwa Kiingereza. Mpaka unaopita kati ya Likasi na Ndola ulisukumwa na mtu mgonjwa mwenye miaka 28, aliyekuwa na sare ya nchi moja sandukuni na bendera ya nchi nyingine mkononi. Aliyeilipia Bunkeya wa kwanza alikuwa Msiri, na nyuma yake wapagazi wa pwani ambao makaburi yao hayana bamba Kingston wala Chinde.